R ya Rubaga

Nyinyi mnaoingia kazini sasa nimewaona. Mnataka seva, mnafungua ukurasa, mnabonyeza mahali pawili, mnakwenda kunywa chai, mkirudi seva imeshazaliwa huko ng'ambo katika jumba ambalo hamtaliona maisha yenu yote. Sina ugomvi na jambo hilo. Ningekuwa na magoti yenu na mtandao wenu, ningefanya vivyo hivyo. Ila juzi mmoja wenu alinikuta hapa Kamwokya ninapokaa, akaniita bibi kwa Kiganda, akaniuliza, "Jaja, zamani mliwekaje seva bila hata picha kwenye skrini?" Nikafungua mdomo nimjibu kwa mbwembwe, nikakuta sina jibu safi. Nimefanya kazi hiyo miaka ishirini na saba, na nusu yake sikuielewa wakati naifanya. Nusu nyingine nilidhani naielewa, na hiyo ndiyo iliyoniletea balaa.

Naitwa Akello. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokulia nacho, msicheke. Baba alikuwa sajini wa polisi upande wa redio za mawasiliano, mtu wa Lango aliyehamishwa huku na huko mpaka akatua kambi ya polisi ya Nsambya, na pale kambini sisi na Waacholi na Walugbara na Wateso tulielewana kwa Kiswahili tu. Mjini Kiswahili kilikuwa lugha ya polisi na wanajeshi, kwa hiyo shuleni watoto wa mjini walidhani anayekisema amekuja kuwakamata. Nilifurahia kuogopwa, sitawadanganya.

Sasa, mashine tupu. Hamjawahi kuiona wengi wenu. Inakuja kwenye boksi, nzito kama gunia la saruji, unaiunganisha, unaiwasha, feni zinapiga kelele kama jenereta, halafu kimya. Skrini nyeusi. Juu kushoto kijistari cheupe kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Hakuna mahali pa kubonyeza. Kila kitu unakiandika kwa mkono, amri moja baada ya nyingine: igawe diski, weka mfumo, mpe mtu jina, mfungulie mlango huu, ufunge ule. Ukikosea herufi moja, mashine haikwambii umekosea wapi. Wakati mwingine haikwambii hata kwamba umekosea. Inafanya ulichosema, inanyamaza, na wewe unanyamaza, mnatazamana.

Aliyenifundisha ni Mkenya mmoja, Bwana Mutiso wa Machakos, mwenye kitambi na sauti ya mtu aliyezoea kusoma risala. Kanuni yake ilikuwa moja: sema amri kwa sauti kabla hujabonyeza Enter. Hata kama uko peke yako. Mlinzi wa jengo letu aliamini kwa miezi mingi kwamba Bwana Mutiso anafanya maombi mle ndani.

Siku moja nilikuwa na mashine yenye diski mbili, ya zamani iliyojaa mafaili na mpya isiyo na kitu. Mashine huzipa majina, `sda` na `sdb`. Asubuhi nilikuwa nimeangalia, mpya ilikuwa `sdb`. Nikaizima, nikakaza waya, nikaiwasha tena. Nikasema amri ya kufuta kwa sauti, neno kwa neno, bila kosa, Bwana Mutiso akisikiliza. Nikabonyeza. Nikafuta diski ya mafaili. Kumbe mashine ilipowaka mara ya pili ilizibadilishia majina, ya kwanza ikawa ya pili, na kwa nini ilifanya hivyo siku hiyo na si siku nyingine, mpaka leo sijui. Bwana Mutiso alitazama skrini, akanitazama mimi, akasema, "Umesema vizuri sana, Akello. Ila umemwambia mtu mwingine." Tangu hapo, kabla sijagusa diski yoyote, naandika `lsblk` nione ukubwa wa kila moja, kwa sababu jina linahama lakini ukubwa hauhami. Shikeni hilo hata kama mengine yote mtayasahau.

Na saa. Mashine tupu ikikugomea mtandao bila sababu, angalia saa yake kabla hujang'oa nywele zako. Nilipigana siku nzima na mashine moja kule Katwe, kwenye karakana ya watu wanaochomelea majiko na milango. Waya nilibadilisha, swichi nilibadilisha, nikaita na mtu wa mtandao tukagombana. Kumbe betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, na mashine iliamini tuko miaka mingi nyuma. Kila tovuti iliyojitambulisha kwake, mashine iliiona kama mtu anayeonyesha kitambulisho kitakachotolewa mwakani. Fundi mmoja wa majiko ndiye aliyeona tarehe kwenye skrini, akaniuliza kama naye anaweza kurudi mwaka ule, kwa sababu wakati huo alikuwa bado na nywele. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa mno hata sikuwa na la kufanya jingine.

Hayo yote ni ya kuchekesha. Ninalotaka kuwaambia halichekeshi sana, au linachekesha mpaka mahali fulani tu.

Nilipopandishwa cheo nikapewa watu wa kuwaongoza, aliyekaa nami muda mrefu kuliko wote alikuwa Kaggwa. Muganda, tulikuwa karibu rika moja, mtu mtaratibu, shati limenyooshwa hata siku ya kubeba mabetri. Yeye alikwenda kwa wateja, mimi nilibaki ofisini, na mara nyingi nilimsomea amri kwa simu naye akaziandika kwenye mashine. Tulisema Kiswahili, kwa sababu Luganda yangu ilimchekesha na Kiingereza chake kilimkasirisha yeye mwenyewe.

Taabu ikawa L na R. Mnajua jinsi mji huu ulivyo. Kwa Muganda hizo si herufi mbili, ni herufi moja yenye nguo mbili, na kwenye simu mbovu hata mimi niliyelelewa kambini siwezi kukuapia nimesikia ipi. Sasa fikiria kazi yetu. `ls` ni amri ya kuonyesha mafaili. `rm` ni amri ya kuyafuta. Nilikuwa natokwa jasho.

Ndipo nikakumbuka redio ya baba. Polisi hawasemi herufi tupu, kila herufi wanaipa jina. Majina yao ya Kizungu Kaggwa hakuyajua, nami sikuyataka, basi nikatunga yetu ya hapa hapa. A ya Arua. B ya Bugolobi. K ya Katwe. L ya Luzira. M ya Mengo. R ya Rubaga. Niliichapa kwenye karatasi ya rangi, nikaibandika ukutani kwenye meza yangu, nikajivunia kama nimegundua umeme. Na nikaweka kanuni ambayo niliirudia mpaka Kaggwa akawa ananimalizia: herufi ikikuchanganya, fuata mahali. Sikio linaweza kudanganya kwenye herufi, lakini nani hajui Luzira?

Tulifanya kazi hivyo miaka kumi na minne bila ajali. Sasa naelewa kwa nini. Amri zenyewe zilikuwa zinatusahihisha bila sisi kujua. Nikisema "R ya Rubaga, M ya Mengo," Kaggwa alijua ni `rm`, kwa kuwa `lm` si kitu. Hatukuwahi kusomeana neno ambalo halina maana.

Halafu ikaja kazi ya kliniki.

Ilikuwa kliniki ndogo ya watoto wenye selimundu, upande wa Luzira ukishuka kuelekea Port Bell. Aliyeiendesha alikuwa muuguzi, Mama Furaha, aliyekuja kutoka Bukavu wakati wa vita na watoto wake watatu na cheti chake ndani ya mfuko wa plastiki. Rekodi za watoto wote zilikuwa kwenye kompyuta moja ya zamani iliyokuwa inajizima yenyewe: damu ya kila mtoto, aliongezewa lini, anatumia dawa gani, dawa gani inamdhuru. Walinunua seva ndogo, tupu, wakatuita.

Nami wiki hiyo nilikuwa nimeteguka kifundo cha mguu kwenye ngazi za soko, nimelala hapa Kamwokya mguu juu ya mto. Akaenda Kaggwa. Akapiga simu.

"Madamu, nimefika. Masini nimeiwasa. Sasa inauliza rugha."

"Chagua Kiingereza."

"Kiswahiri hakuna?"

"Kaggwa, chagua Kiingereza."

Tukaenda hivyo, hatua kwa hatua. Tukaangalia ukubwa wa diski. Tukaigawa. Kwa kuwa zilikuwa siri za wagonjwa, na kwa kuwa mwizi alikuwa amewahi kubeba kompyuta nzima kupitia dirisha la kliniki ile, niliamua diski ifungwe kwa neno la siri. Si paswedi ya kuingilia, hiyo ni nyingine. Hili linaulizwa mashine inapowaka tu, kabla ya kitu kingine chochote, na bila hilo diski ni takataka. Hata aliyeitengeneza hawezi kuifungua. Nilikuwa nimetunga neno la herufi kumi na sita lisilo na maana yoyote katika lugha yoyote, kama inavyotakiwa.

"Sasa nakusomea," nikamwambia. "Usiandike popote. Si kwenye karatasi, si kwenye mkono. Unapiga kwenye mashine tu."

"Kale, sawa, madamu."

"K ya Katwe. A ya Arua. Saba. T ya Tororo. R ya Rubaga."

Hapo akataka kusema kitu. Nikamwambia asinikatize, nitapoteza nilipofika. Nikaendelea mpaka ya kumi na sita. Neno hilo unapoliandika, skrini haionyeshi kitu, hata nyota, kwa hiyo hakuna anayeweza kuona umepiga nini, hata wewe mwenyewe. Mashine inakuomba urudie mara ya pili. Nikasoma tena, Kaggwa akapiga tena. Mashine ikakubali, kwa kuwa mara zote mbili zilifanana. Nami nikaliandika neno kwenye kitabu changu nikakifungia kabatini.

Mengine niliyafanya mwenyewe kutoka kitandani kupitia mtandao. Nikafungua mlango ninaoutaka, nikafunga mingine yote, nikahamisha rekodi, nikazikagua, zote zilikuwepo. Baada ya siku chache Kaggwa akaniuliza kama afute kompyuta ya zamani, maana shule moja ilikuwa imeiomba. Nikasema futa. Nakala ya akiba? Nilipanga kuifanya wiki inayofuata. Msinitazame hivyo. Najua. Mimi niliyekuwa nawafokea watu kwa ajili ya nakala ya akiba.

Wiki tatu hivi mashine ilikaa macho bila kuzimwa, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa neno la siri. Kisha Ijumaa moja stima ikakatika kwa muda mrefu, betri ya akiba ikaisha, mashine ikazima. Jumamosi saa mbili asubuhi Mama Furaha akanipigia.

"Mama Akello, machine iko naomba neno. Mie siko na neno."

Mguu ulikuwa umepona. Nikachukua kitabu changu, nikapanda boda mpaka kliniki. Nikaketi mbele ya skrini nyeusi, nikaandika neno. Mashine ikakaa sekunde kadhaa, ikakataa. Nikaandika polepole. Ikakataa. Nikasema kila herufi kwa sauti kabla ya kuigusa kama Bwana Mutiso. Ikakataa.

Nikatazama kibodi nikashtuka kwa furaha. Ilikuwa ya Kifaransa! Mama Furaha alikuwa ameiwekea ile seva kibodi ya nyumbani kwake, ambayo mahali pa A pana Q. Bila shaka mashine ilikuwa inasoma kitu kingine kabisa. Nikawaambia wote mle chumbani kwamba tatizo limekwisha, hata nikacheka. Tukatafuta kibodi yetu ya mwanzo, ikapatikana juu ya kabati la sindano. Nikaiunganisha. Nikaandika. Ikakataa.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa kwelikweli. Neno lilikuwa mbele yangu, kwa mwandiko wangu. Mtu mwingine hakuligusa. Diski ilikuwa nzima. Kila kitu kilikuwa sawa, na hakuna kilichofanya kazi. Nilibonyeza kitufe cha herufi kubwa, nikakibonyeza tena. Nilijaribu bila namba. Nilijaribu kuanzia mwisho, sijui kwa nini, labda nilikuwa nimeanza kurukwa na akili.

Saa nne akaingia mama mmoja amebeba mtoto. Nalongo, ndivyo walivyomwita, maana alizaa mapacha. Mmoja mzima, yuko nyumbani. Huyu wa pili, Nakato, wa miaka sita, alikuwa na maumivu ya mifupa. Kama hamjawahi kumsikia mtoto wa selimundu akilia siku ya maumivu, sitawaeleza. Mama Furaha akamlaza, akampa maji, akafungua kabati la dawa, kisha akasimama mkono ukiwa hewani.

"Nalongo, ile dawa ilimuvimbisha uso mwaka jana, ilikuwa gani?"

"Sijui jina, musawo," Nalongo akasema. "Iliandikwa ku kitabu. Kitabu kiliroa maji ya mvua."

"Ilikuwa ya kunywa ao ya sindano?"

"Sindano. Macho yalifunga, alishindwa kupumua. Walisema nikumbuke jina. Banange, nilisahau jina."

Mama Furaha akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Mama Akello, dawa za maumivu niko nazo za namna tatu. Moja ndio ilitaka kumuua. Na jina yake iko humo mu machine yako. Daktari niliisha kumuita, ajali imemufungia njia ku barabara ya Jinja, hajui atafika saa ngapi. Naomba unifungulie."

Nikampigia Kaggwa. Alikuwa Masaka kwenye kwanjula, sherehe ya kujitambulisha ukweni, ya mpwa wake, tena yeye ndiye msemaji wa upande wa bwana harusi, mtu ambaye siku hiyo haruhusiwi hata kupiga chafya. Mara ya sita akapokea kwa kunong'ona, nasikia ngoma nyuma yake.

"Madamu, niko mbele ya wakwe."

"Neno limekataa. Nalisoma, nawe unalirudia. K ya Katwe."

"Katwe."

"A ya Arua."

"Alua."

Tukalipitia lote. Kila mahali nilipotaja alipataja. Rubaga nilisema, Rubaga nikasikia. Nikamwambia basi ulipiga vibaya siku ile.

"Sikukosea, madamu. Ira pale uriposema..."

"Kaggwa, uliteleza kidole. Kubali tu, nijue nijaribu nini."

Ngoma zikazidi, mtu akaita jina lake, simu ikakatika. Haikupatikana tena. Nikamgeukia Mama Furaha na Nalongo na watu wengine watatu waliokuwa kwenye benchi, nikasema kwa sauti ambayo naiona haya mpaka leo, "Yule bwana hajui tofauti ya L na R. Huyo ndiye aliyetufikisha hapa." Nikaamini. L yenyewe sikuijaribu, maana Rubaga alikuwa amenitajia sawasawa, na nani asiyejua Rubaga huanza na nini? Nikaketi pale nikibadilisha herufi za jirani kwenye kibodi, nikidhani kidole kiliteleza, na herufi kumi na sita zina majirani wengi kuliko dakika za siku. Nyuma yangu Nakato alikuwa ameacha kulia kwa sauti. Analia kimya kimya, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mama Furaha hakukaa bure. Alichukua daftari jipya akaanza kumwandikisha Nakato upya, kwa mkono, kama mashine haipo. Kwa kuwa alikuwa akimpapasa mtoto tumbo, alimpa Nalongo kalamu aandike mwenyewe jina na mahali anapokaa. Nalongo akaandika, akaliweka daftari juu ya meza yangu kwa sababu ndiyo meza pekee iliyokuwepo. Nikalitupia jicho. Mwandiko mzuri wa shule. Nakato, na chini yake: Lubaga.

Mimi ni mtu wa kusahihisha watu, hata siku ya msiba. Nikamwambia, "Nalongo, hapa umekosea. Rubaga inaandikwa kwa R."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, na macho yake mekundu.

"Nedda, hapana, nnyabo. Ni Lubaga. L. Mimi nazariwa huko, nabatizwa huko." Akagusa neno kwa kidole. "Luganda haianzi neno na R. Hata mtoto wa P-two anajua. Ile ya R ni ya Wazungu."

Sijui niwaeleze vipi kilichonipata. Nilijiona nimelala na mguu juu ya mto, nasema kwa kujiamini, R ya Rubaga, kwa Kaggwa, Muganda wa Lubaga, Mkatoliki, anayesali kanisa kuu la pale kila Jumapili. Herufi ikikuchanganya, fuata mahali. Aliifuata. Alikwenda mpaka mahali penyewe, akasoma herufi ya kwanza ya jina la pale, akaipiga. Mara mbili.

Nikaandika neno lote, na herufi ya tano nikaweka L. Enter. Mashine ikakaa sekunde kadhaa kama ilivyokaa mara zote nilipokataliwa, nami nikafumba macho. Mama Furaha ndiye aliyesema, "Iko natembea." Nikafumbua, mistari myeupe ilikuwa inashuka kwenye skrini moja baada ya nyingine.

Ilichukua dakika nne mpaka rekodi zikafunguka. Mama Furaha akaisoma ya Nakato akiwa amesimama, kidole kwenye skrini. Kisha akarudi kabatini, akatazama zile dawa tatu, akaiondoa chupa moja akaiweka juu kabisa ya rafu. Ilikuwa ile aliyokuwa ameshaichagua. Alikuwa karibu amchome hiyo, aliniambia baadaye, kwa sababu kuvumilia kilio kile kulikuwa kumemshinda. Akamchoma nyingine. Haikupita muda Nakato akaanza kusinzia mkononi mwa mama yake, na mimi nikaenda nje nikakaa kwenye ngazi, nikalia kama mjinga.

Nakala ya akiba niliifanya siku hiyo hiyo, mbili, sikuondoka mpaka zimekamilika.

Kaggwa alinipigia jioni, kwanjula imekwisha, sauti imemkauka kwa kusema. Nikamwambia ilikuwa ile Rubaga. Nikamwambia nimekutukana mbele ya watu, nisamehe.

"Si kitu, madamu."

"Kwa hiyo ulisikia L?"

"Hapana. Nirisikia vizuri. Urisema R. Na mara ya piri urisema R." Akakohoa. "Nikajua umekosea kuandika Lubaga. Nikakuwekea sawa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nirianza kukuambia, ukasema nisikukatize. Na reo nirianza. Madamu, wewe ndiye umenifundisha kazi hii. Ningekuambiaje kwamba hujui kuandika Lubaga?"

Nilikuwa nimemfundisha miaka kumi na minne kugawa diski, kupima ukubwa, kuangalia saa, kufuata mahali. Jinsi ya kuniambia "umekosea" sikumfundisha, na kila alipojaribu kujifunza mwenyewe nilimfunga mdomo.

Wanangu, amri mtazisahau, na hizo nilizozitaja hapa zitakuwa zimepitwa kabla hamjafika umri wangu. Siku hizi ninapomsomea mtu jambo, nanyamaza katikati, nahesabu mpaka tano, nasubiri anikatize. Wengi hawanikatizi, wananiamkia tu na kutabasamu, nami nabaki sijui kama nimesema sawa au wananihurumia. Nakato alilala kwenye kitanda cha kliniki kuanzia saa nne mpaka karibu saa sita akiuma kona ya shuka, na dawa yake ilikuwa mita mbili kutoka alipo, kwa sababu mtu mmoja aliniheshimu.